Sindano Inayochukua na Vya Nyumbani

Muuza mashine za santuri alipangusa kaunta kwa kiganja, akaweka mashine mbili kando kwa kando, na mbele yake vichwa viwili vya sindano, vidogo kama punje za mahindi. Mteja wake, mwalimu wa kwaya aliyestaafu, aliinama kuvitazama mpaka miwani ikakaribia kudondoka. Alikuwa amefiwa na mkewe mwanzoni mwa mwaka. Marehemu alimwachia sanduku zima la santuri na mashine mbovu isiyotengenezeka. Sauti yake haikubaki popote, hata kwenye simu, kwa kuwa hakupenda kurekodiwa. Binti yao mkubwa alikuja kumsindikiza baba yake asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

"Hii inainua mkono yenyewe santuri ikiisha," alisema muuzaji. "Hii nyingine sauti yake ni safi zaidi, lakini ikifika mwisho lazima uinuke ukaitoe sindano. Ukiiacha, inasugua tu mpaka inakwisha."

"Miguu bado ninayo," alisema mwalimu, akaichagua hiyo ya pili.

"Haya. Sasa vichwa. Chenye ncha ya duara kinasoma muziki. Hiki chenye ncha nyembamba kinafika chini kabisa ya mfereji, kinachukua na vya nyumbani."

"Vya nyumbani vipi?"

"Vilivyokuwamo chumbani santuri ilipokuwa ikipigwa zamani. Milango, masufuria, watu. Wengine hawakitaki. Kuna mama alikirudisha, anasema kinamletea mama mkwe."

Mwalimu aliuliza kama kinapatana na amplifaya yake. Kilipatana.

"Baba, chukua cha duara," alisema binti, akitazama ukuta. "Muziki si unatosha?"

Mwalimu alidhani anauonea huruma mfuko wake. Akachukua chembamba.

Nyumbani aliiweka mashine juu ya kabati la sebuleni, akapima kwa glasi ya maji kama imekaa sawa, akarekebisha uzito wa mkono kama karatasi ya maelezo ilivyosema. Kisha akachagua santuri ya bendi ya dansi ambayo mkewe aliipenda mpaka jalada likachakaa, marehemu akalishona kwa uzi wa kushonea vifungo.

Magitaa yalianza, na nyuma yake ufagio. Halafu maji yakimiminwa. Halafu mkewe akaanza kuimba. Hakufuata sauti ya mwimbaji. Alishika sauti ya pili, chini kidogo, bila kuyumba, akiacha nafasi pale pale panapotakiwa nafasi. Mwalimu aliitafuta sauti ya namna hiyo maisha yake yote ya kazi, akazunguka na kwaya yake huku na huko, akiwafokea wanawake wa watu. Alikaa kitako sakafuni.

Katikati ya ubeti wa pili ufunguo ulisikika mlangoni, na mkewe akanyamaza, neno likiwa nusu.

"Mmeshindaje?" ilisema sauti ya mwalimu mwenyewe, ya ujanani, iliyojaa afya.

"Salama. Pole na kazi."

Bendi ikaendelea peke yake mpaka mwisho. Mwalimu akapiga santuri nyingine, na nyingine. Katika kila moja mkewe aliimba mpaka ufunguo uliposikika. Mwalimu alikuwa mume wa kupigiwa mfano, hakuwa na baraza wala kijiwe, akitoka kazini ni moja kwa moja nyumbani. Sifa hiyo alitembea nayo kifua mbele. Sasa aliketi katikati ya majalada, akatamani angekuwa mlevi.

Binti alipokuja kumjulia hali alikuta sanduku tupu na santuri zimetapakaa sakafuni. Alianza kuzirudisha kwenye majalada yake.

"Ulijua kwamba mama yako anaimba?"

"Sote tulijua, baba. Tulikuwa tunamwitikia. Ukifungua mlango tunashika madaftari."

"Kwa nini mbele yangu anyamaze?"

"Ulisema mbele ya wageni kwamba sauti yake inafaa kufukuzia kuku."

Mwalimu alikumbuka. Walikuwa maharusi wapya, wageni walikuwa walimu wenzake, na mzaha ule ulipendeza sana.

"Ulikuwa utani. Hata yeye alicheka."

"Alicheka, ndiyo."

"Mngeniambia basi."

"Alitukataza. Alisema kutwa nzima unasikiliza sauti za watu, nyumbani upumzike."

Binti aliinamia santuri kwa muda mrefu, akipangusa vumbi lisilokuwapo. Kisha akaaga, akaenda kwake.

Alasiri moja mwalimu alikuwa ameweka santuri ile ya jalada la kushonwa, mvua ikaanza kudondoka. Alikimbia nje kuanua nguo, mlango ukajifunga nyuma yake. Alipofika chini ya dirisha, akiwa amekumbatia shuka, ubeti wa pili ulifika. Ufunguo haukusikika. Mkewe aliendelea. Aliimba ubeti wa tatu na kiitikio, akaongeza na madoido ambayo bendi yenyewe haikuyafikiria. Mwalimu alilowa chapachapa na shuka lake, akilia bila kujificha.

Kesho yake alijaribu kusimama kwenye korido. Mkewe alinyamaza. Alijaribu kuvua viatu na kunyata, mkewe akanyamaza mapema zaidi. Mlango ukiwa wazi aliimba kwa mashaka. Basi mwalimu akarudi dirishani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama watoto, nilikosea. Una sauti nzuri kuliko wote niliowafundisha. Nisamehe."

Ndani palikuwa kimya, bendi tu ikipiga, kimya cha mtu anayengoja mpita njia apite. Hakuimba tena siku hiyo.

Tangu hapo mwalimu huweka santuri, hushusha sindano, hutoka, huvuta mlango, na kukaa kwenye kigoda chini ya dirisha. Jirani humkuta hapo akitoka sokoni.

"Mwalimu, leo tena umefungiwa nje?"

"Hapana. Mke wangu anaimba."

"Kweli, nasikia. Basi usimkatize."

Wimbo wa mwisho ukiisha, sindano hubaki ikisugua, na juu ya mkwaruzo ule mkewe huendelea kuimba kidogo kidogo, bila bendi, kama mtu mwenye mikono kazini. Mwalimu anajua kila dakika ya hapo inaila sindano, na muuzaji alishamwambia kichwa kile kilikuwa cha mwisho dukani. Hungoja kadiri anavyoweza. Kisha huinuka, hukohoa ili asimshtue, na kutoa ufunguo mfukoni. Ndani huwa kimya kabla hajautia mlangoni.