Wafuasi wa Candida

Jumatatu jioni Candida alikuwa jikoni kwake, ghorofa ya tatu Mchafukoge, akichambua mchicha, aliposikia hodi. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Kariakoo, kwenye kizimba chake cha vitenge. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Candida alimtambua kwa ile picha yake ndogo ya mtandaoni, ndiye aliyemwandikia mchana ule, "Pole mama, tuko pamoja." Alimkaribisha. Mwanamke akavua ndala, akaketi mkekani, akawa anamtazama.

Siku iliyotangulia Candida alikuwa amejirekodi akilia. Mumewe, Bryson, alikuwa amehamia Tabata kwa mwanamke mwingine, na yeye akalieleza jambo hilo kwenye ukurasa aliozoea kuonyeshea bidhaa zake. Vitenge vilitazamwa na wateja na mashoga zake. Kilio kilitazamwa na jiji zima.

Mchicha haujaiva, wengine wakawa wamefika. Hadi mwisho wa wiki walijaa sebuleni, kwenye korido na kwenye ngazi. Hawakula wala hawakulala. Waliompa pole na waliomtukana waliketi bega kwa bega, wakisema kwa zamu, kwa sauti ileile ya upole.

"Waambie wageni wako wabane upande mmoja," alisema Jasvanti, jirani wa ghorofa ya juu, akipita na ndoo ya nguo.

"Nimewaambia, Mama Tejas. Hawasikii."

Shida ilikuwa pale Candida aliponyamaza. Akitulia, au akijisahau akacheka, walianza kuinuka mmoja mmoja na kutafuta ndala zao. Hapo alikimbilia mlangoni kuwazuia. Ikabidi akumbuke machungu mengine: mimba iliyotoka, maneno ya mawifi. Aliyasimulia akilia, nao wakaketi tena. Akaacha kwenda kizimbani, kisha akaacha kula. Machungu ya kweli yalipomwishia, akaanza kubuni.

Dada yake, Clotilda, alikuja kutoka Ilala na hotpoti la wali. Alipenya kwa viwiko mpaka akamfikia.

"Candi, hawa watu waondoke."

"Wakiondoka nabaki na nani, dada?"

"Na mimi."

Candida alimtazama dada yake, kisha akaitazama sebule nzima, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Wewe ni mmoja," alisema.

Clotilda aliliweka hotpoti juu ya friji na kutoka mbio kwenda kuomba ruhusa kazini, ili arudi kukaa naye.

Alikuwa bado hajarudi alasiri ile mwanamume mmoja mwenye miwani aliponyoosha mkono, kwa adabu, kama aliye mkutanoni.

"Kila siku unasema umechoka kuishi," alisema. "Mbona bado upo?"

Sebule ikatulia. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyekohoa. Candida aligundua kwamba hawakuwahi kumsikiliza namna ile. Akasimama. Walimpisha kama wanavyompisha bibi harusi, naye akapanda ngazi mpaka juu ya paa, wapangaji wanakoanika nguo. Walipanda nyuma yake wote, taratibu, bila kusukumana.

Ukuta wa ukingoni ulimfika magotini. Chini mikokoteni ilipita na watu walikuwa wakigombea maegesho. Nyuma yake wafuasi walijipanga, wafupi mbele na warefu nyuma. Simu zikainuliwa.

"Sogea kidogo kushoto," mtu alisema. "Jua linatupiga machoni."

Candida akasogea.

"Candida!" Jasvanti alikuwa kwenye kamba, shuka lililoloa likimning'inia mikononi. "Njoo ushike huku. Mikono yangu leo haina nguvu."

Candida aliendelea kutazama chini barabarani.

"Shika, mwanangu. Linaburuza chini."

Akageuka, akashika. Walilikamua, mmoja akisokota huku na mwingine kule, maji yakiwamwagikia miguuni.

"Kaza."

"Nakaza."

Jasvanti alitoa shuka jingine, na jingine tena. Yaliyokwisha kukauka aliyatumbukiza upya kwenye ndoo. Muda wote ule hakuondoa macho usoni pa Candida. Wafuasi walisubiri. Mmoja akapiga mwayo. Kukamua shuka hakukuwa na cha kutazama, wakaanza kuteremka wakiangalia simu zao. Clotilda aliporudi aliwakuta wale wawili wamekaa sakafuni katikati ya dimbwi, shuka limezungushwa kwenye kifundo cha mkono wa Candida, na Jasvanti amekataa katakata kuachia ncha yake.

Asubuhi walikwenda hospitali. Daktari aliuliza kama bado wanakuja.

"Wachache. Wanachungulia dirishani."

"Watapungua," alisema daktari. Alimwandikia dawa, akataka simu akae nayo dada mtu, na Candida arudi kila wiki kwa mazungumzo. Aliongeza kuwa wagonjwa wengine walilazimika kuhama nyumba. Candida akarudi kulala, akarudi kula, mwishowe akarudi kizimbani. Sebule ilikuwa tupu, na utupu ule ulimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Mchana mmoja, akitoka kizimbani kununua maji, alikuta watu wamepanga foleni kuanzia barabarani hadi ndani ya jengo la jirani. Aliwatambua kwa migongo yao.

"Wamekuja kwa nani?" alimuuliza muuza kahawa, aliyekuwa akisogeza benchi lake wasilikanyage.

"Kwa Filbert, fundi cherehani. Amemzika mwanawe, basi kila siku yuko laivu analia."

Filbert alikuwa akimpindia vitenge miaka yote. Candida alijitosa kwenye ngazi.

"Nipisheni, namfahamu!"

"Hata sisi tunamfahamu," alisema mwanamke wa mbele, bila kugeuka. "Panga foleni."

Alirudi nje mbio na kuangalia juu. Filbert alikuwa amesimama kwenye balkoni ya ghorofa ya mwisho, upande wa nje wa vyuma.

"Filbert!" Candida aliita kwa nguvu zake zote. "Filbert, nisubiri!"

Foleni ikainua vichwa. Kisha jina likawapendeza. Wakaanza kuliita, kwanza wa karibu, halafu wa kwenye ngazi, halafu barabara nzima: Filbert, Filbert, Filbert. Sauti ya Candida ikamezwa humo, isitofautiane na zao.

Filbert alisikia jina lake likiitwa na watu wote wale. Akajifuta uso, akatoa mkono mmoja kwenye chuma, akawapungia.