Sanduku la Teresina

Nisingizie nini? Mimi ndiye niliyemwambia Teresina atafute pengine. Emilio, mwenye nyumba, alikuwa ameikata karakana yetu ya mtaa wa Hai Mauna katikati kwa mabati, ili upande wa pili aweke biashara ya kuchaji simu. Tukabaki na chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Meza moja ya useremala, mafundi wawili, mimi na yeye, na mashine zimelala chini kila mahali. Mkataba ulikuwa kwa jina langu. Nikampa mpaka Ijumaa.

Hakubisha, na hilo liliniudhi zaidi. Mwanamke aliyejifunza useremala kwenye kambi ya wakimbizi ya Adjumani, akarudi baada ya amani akiwa amepakata randa yake ya umeme, nilitarajia anirukie. Yeye alinunua mbao za masanduku ya zamani ya risasi, yaliyokuwa yakiuzwa sokoni kama kuni, akahamia nje kwenye kivuli cha ukuta. Siku tatu alipima, akakata, akachonga, bila hata kunitazama.

Ijumaa asubuhi nilikuta karakana imefagiwa, sakafu tupu. Karibu na mlango lilisimama sanduku la kimo cha kiuno, juu ya magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, na mpini wa kulisukumia. Roho iliniuma. Sisi tuliokulia ukimbizini tunajua maana ya mizigo iliyofungwa vizuri: mtu anaondoka.

"Haya, safari njema," nikasema kwa ukali, maana aibu yangu hutoka hivyo.

"Safari shunu, safari gani, Manyang? Wewe fungua."

Lilifunguka kama kabati, na hata migongo ya milango yake ilibeba vitu. Kila mashine ilikuwa na kiota chake, kimechongwa kwa umbo lake. Nyaya zilizungushwa kwenye vigingi, na biti za drili zilisimama kwa ukubwa wake ndani ya droo nyembamba. Mashine sita mahali pa kiti kimoja! Nimefanya kazi karakana kubwa Eldoret, sijaona mpangilio kama ule. Nililisukuma mpaka barabarani kwenye mashimo na kurudi. Hakuna kilichogongana ndani.

Ndipo nikaiona grainda yangu. Mshikio wake ulipinda siku ilipoanguka, na kiota chake kilikuwa kimepinda vilevile. Drili yangu. Msumeno wangu. Nusu nzima ya sanduku ilikuwa yangu.

"Mama yangu alikuwa napanga vitu hivi kule kambi," Teresina akasema. "Sisi watu tisa, hema moja. Hakuna mtu alifukuzwa. Sasa ona, chini iko na nafasi ya meza yangu. Na kazi ya nje, kule Bilpam, tunasukuma sanduku moja tu, basi, khalas."

Mfukoni nilikuwa na kufuli jipya nililonunua asubuhi ile, la kumfungia nje, na funguo zake mbili. Nikatoa ufunguo mmoja, nikampa.

Aliugeuza kiganjani, akatazama kufuli letu kuukuu lililoning'inia mlangoni, akanitazama mimi, akaelewa. Aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, akatoa drili yake, akaanza kazi.