Kurasa za Fundi

"Tereza, toa dagaa wako hapo!"

"Niwatoe niwapeleke wapi? Asubuhi nimefungua simu, nikakuta kichanja cha kumi na nne kina jina langu."

"Cha kumi na nne nimejiandikia mimi! Jana mchana, kwa mkono wangu!"

Mama Paskazia, mwenyekiti wa akina mama wanaoanika dagaa pale mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, alisimama na beseni kichwani, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni. Tereza alikuwa ameshatandaza dagaa wake juu ya wavu wote wa kichanja hicho, na hakuwa na nia ya kusogea hata unyayo. Vichanja vingine vilikuwa vimejaa, na jua la saa tatu lilikuwa limeshaanza kazi. Dagaa mbichi hawamsubiri mtu. Wakikaa kwenye beseni mpaka saa sita, ni chakula cha kuku.

Luhende alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kompyuta mapajani, akijifanya anasoma. Moyoni alikuwa anachekelea. Ndiyo, anachekelea, tusimsingizie huruma asiyokuwa nayo.

Miezi minne! Miezi minne alijifungia kwenye chumba chake cha kupanga kule Buswelu, akiwatengenezea wanawake hawa mfumo wa kugawana vichanja kwa simu. Kila ukurasa aliuchora mwenyewe, picha ya ziwa juu, vitufe vya rangi ya machungwa chini. Akina mama walipoujaribu wakapotea humo kama wageni kwenye hospitali kubwa. Ndipo akaja Sharon Otuoma, binti wa Rorya, ambaye Luhende huyuhuyu ndiye aliyemfundisha kazi kwenye kibanda cha kompyuta pale Nyakato. Sharon hakuchora kitu. Alichukua zile kurasa za msimamizi zinazokuja bure na programu ya kutengenezea mifumo, zile ambazo fundi huingia kurekebisha kumbukumbu: orodha kavu, nyeupe, na kitufe cha kuhifadhi. Akawapa akina mama nywila, akawafungia wasichokihitaji, akawaachia vichanja tu. Siku ya pili walikuwa wanajiandikisha wenyewe huku wanacheka.

"Hiyo ni karakana," Luhende alimwambia. "Mteja haingizwi karakana."

"Kaka, wameshaingia na wameelewa. Tuwatoe ili iweje?"

Wivu ukamkaba, hata ugali ukawa haupiti. Na kilichomuuma kupita vyote ni Mama Paskazia kumwita yule binti "mwalimu". Mwalimu! Yeye, kwa miezi yote minne, alikuwa "yule kijana wa kompyuta". Na leo saa sita kikundi kingekaa kuchagua mfumo mmoja. Mwenye mfumo huo ndiye angekuwa mtaalamu wao, hapa na kwenye mialo mingine mitatu ya jirani.

Basi jana jioni akaingia kwenye kurasa za Sharon kwa ufunguo mkuu, ufunguo ambao Sharon mwenyewe alimfungulia kwa jina lake, kwa kumheshimu kama mkubwa wake. Akafungua kichanja cha kumi na nne, akatoa jina la Mama Paskazia, akaweka la Tereza. Akahifadhi. Haikuchukua hata dakika.

Sasa alifunga kompyuta, akasogea kwenye ugomvi.

"Shikamoo mama. Poleni jamani. Mimi nilisema mapema, mfumo huu ni wa mafundi. Ona sasa, unachanganya majina."

"Marahaba." Mama Paskazia alishusha beseni. "Mwalimu Sharon! Hebu njoo."

Sharon alikuja mbio kutoka kwenye mizani. Akaitazama simu ya mama, akaitazama ya Tereza, uso ukamshuka. "Sielewi, mama. Sijui imekuwaje."

Luhende aliona machozi yakimlengalenga yule binti na, Mungu amsamehe, akafurahi.

"Tulia," Mama Paskazia alisema. "Hapa juu pembeni pameandikwa Historia. Juzi nilipabonyeza, nikakuta kila nilichoandika, na saa yake. Ngoja."

Kitufe kile Luhende alikuwa anakiona miaka yote na hajawahi kukigusa. Alizoea kufanya kazi peke yake. Hakuwa na mtu wa kumuuliza kabadilisha nini. Kwenye mfumo wake hata hakukiweka.

Mama Paskazia alisoma kimya, midomo ikicheza. Akasoma tena. Kisha akamnyooshea Luhende simu.

"Mwanangu, macho yangu ya kizee haya. Nisomee hapa."

Angeweza kudanganya. Lakini Tereza alikuwa nyuma ya bega lake, na Tereza anasoma vizuri tu.

"Jana, saa kumi na moja na dakika ishirini." Luhende alisoma. "Jina la mwanikaji limebadilishwa na... Luhende."

Tereza alisonya, msonyo mrefu, akaanza kusogeza dagaa wake upande mmoja mpaka nusu ya kichanja ikawa wazi. Wengine hawakusubiri saa sita; walitoa simu zao, wakamzunguka Sharon, wakaanza kujiandikia vichanja vya kesho.

"Kaka?" Sharon alimwita katikati yao. Basi, hilo tu.

Luhende alimtazama, akausikia wivu uleule, bado wa moto. Hata sasa aliyezungukwa ni yule binti!

Mama Paskazia alimaliza kutandaza dagaa wake, akamvuta Sharon kando. Lakini hakumvuta mbali sana, Luhende akasikia.

"Mwalimu, jina lake hapa linatolewaje? Wote watalisoma. Ni mtoto wa watu huyu, ataaibika."

Sharon alitikisa kichwa. "Huko hakutoki kitu, mama. Kinaongezwa tu."

Mama Paskazia aliguna. Akaipangusa simu kwa pembe ya khanga, magamba yakatoka. Akaitazama tena, kisha akamtazama Luhende. "Kama kinaongezwa, njoo urudishe jina langu, mwanangu, wasome na hilo pia."