Nafasi za Wasiotokea

Bajaji ilisimama nyuma ya jeneza, na dereva wake, Bariki, akazima injini bila kuambiwa. Ujiji hakuna alipitaye jeneza barabarani. Waombolezaji walikuwa wengi, wakiupokezana mabegani mwili wa mzee mmoja aliyekuwa akiuza mawese sokoni, na tahalili yao, Laa ilaha illa Llah, ilipanda na kushuka kwa mwendo wa miguu.

Ndani ya bajaji Nasma alikuwa amempakata Hasna, binti yake wa miaka kumi na mmoja, akimpepea kwa upindo wa mtandio. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau, kama ilivyokuwa tangu azaliwe, kwa sababu moyo wake ulikuwa na tundu. Kesho yake, Ijumaa, madaktari wageni wangeliziba tundu hilo katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Jumamosi madaktari hao wangerudi kwao. Kwa ajili ya siku hiyo moja Abdulkarimu, mume wa Nasma na fundi wa mitumbwi, alikuwa ameuza mbao zake zote na randa aliyorithi kwa baba yake, na jamaa wa msikitini wakatimiza kilichopungua. Tiketi tatu za kwenda na kurudi aliziweka ndani ya juzuu, mfukoni mwa kanzu.

“Baba Hasna,” alisema Nasma, “ndege ni ya saa nne.”

“Hatua saba tu. Haki ya maiti.”

Akashuka, akaingiza bega chini ya mti wa jeneza. Hatua saba zikatimia, ikawa hapana mtu wa kumpokea. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wazee wenye bakora. Nao ndio utaratibu: bega halitoki mpaka jingine liingie. Akaenda nalo hadi njia panda ya makaburini, ndipo kijana mmoja akampokea.

Walifika uwanja wa ndege saa tatu na dakika ishirini na tano. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa. Nyuma yake alisimama msichana wa shirika, jina lake Winfrida likisomeka kifuani. Akaufungua kwa upana wa uso wake.

“Shikamoo, mzee. Kaunta imefungwa.”

“Marahaba, binti yangu. Imefungwa tangu lini?”

“Dakika tano zilizopita. Hufungwa dakika arobaini kabla ya ndege kuruka. Imeandikwa kwenye tiketi.”

Abdulkarimu alitoa tiketi, akaitazama. Alikuwa ameihitimu Kurani akiwa na umri wa Hasna, na barua za Kiswahili aliwasomea mtaa mzima. Maandishi yale, madogo kama chawa, yalikuwa ya Kiingereza.

“Na ndege yenyewe iko wapi?”

“Bado haijafika. Imechelewa kutoka Dar.”

“Sasa mimi nimechelewaje kitu ambacho hakijafika?”

Winfrida aliinamisha macho. “Mzee, mfumo umefunga. Si mimi.”

“Mtoto anapasuliwa kesho,” alisema Nasma. “Mtazame midomo.”

Msichana alimtazama, kisha akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake akajibu kwa simu ya upepo, sauti ikasikika hadi nje: akimfungulia mmoja, kesho watakuja kumi.

Wakakaa kwenye ukingo wa saruji. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ndege ilikuwa haijaonekana, ila yalifika magari mawili meupe, wakashuka mabwana watatu waliokuja kukagua miradi, na nyuma yao mtumishi aliyebeba boksi la migebuka lililofungwa kwa utepe wa gundi. Mlango wa kioo ulifunguka wote.

“Hatukuwa na tiketi za leo,” alisema mmoja wao, akicheka. “Kikao kimeisha mapema. Mtatusaidiaje?”

“Zipo nafasi tatu, mheshimiwa,” ilijibu sauti ya mkubwa wake Winfrida. “Za wasiotokea.”

Hasna aligeuza shingo polepole. Kila alichofanya alikifanya polepole.

“Baba, wasiotokea ni kina nani?”

Abdulkarimu alikuwa akimtazama Winfrida kupitia kioo, naye Winfrida alikuwa akipima boksi la samaki.

Ndege ilitua saa tano na robo, ikaruka saa sita kasoro. Hasna aliipungia mkono, kwa kuwa hakuwahi kuiona karibu namna ile.

Alasiri hiyo Abdulkarimu alikwenda mjini Kigoma kwa Feliksi, wakala aliyemuuzia tiketi. Feliksi alibonyeza kompyuta kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu mwenye huruma na pia wateja wengine wanaosubiri.

“Tiketi hizi ni za bei nafuu, mzee. Usipotokea, zimekufa. Na ya kurudi nayo imejifuta.”

“Ya kurudi? Hiyo sijaikosa. Siku yake haijafika.”

“Ukikosa ya kwenda, mfumo unahesabu huna safari. Ungepiga simu kabla ndege haijaruka, wangekubadilishia tarehe kwa faini kidogo.”

“Nilikuwa mlangoni, Feliksi. Kwa muda wa saa mbili na zaidi.”

“Kuwa mlangoni si kupiga simu.”

“Wewe hukuniambia.”

“Hukuniuliza, mzee wangu.”

Ndege nyingine ilikuwa ya Jumamosi. Basi la alfajiri lingefika Jumamosi, treni Jumapili. Hospitali iliandika kwamba jina la Hasna limewekwa mbele kabisa katika orodha ya mwakani.

Wiki ya sita baada ya hapo, siku ya Jumanne, kabla ya jua kupanda, Nasma alimwita mumewe kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kumsikia nayo.

Wakamzika Hasna asubuhi hiyohiyo. Jeneza lilikuwa jepesi, na mabega yalikuwa mengi kuliko uzito. Abdulkarimu alishika mti wa mbele, akakataa kupokewa. Walipokaribia njia panda, bajaji ya Bariki ilisimama nyuma yao, injini ikazimwa, na kijana mwenye kofia akashuka akikunja mikono ya shati. Kwenye kiti alikuwa ameacha begi.

“Nipokee, mzee.”

“Una safari?”

“Naam. Ndege ya saa nne. Lakini haki ya maiti kwanza.”

Abdulkarimu alisimama. Walio nyuma wakamgonga visigino, tahalili ikakatika.

“Rudi garini, mwanangu,” alisema. “Wanafunga.” Kisha akawageukia wenzake. “Tusogee pembeni. Apite.”

Pazi, kaka yake, alimshika mkono. “Karimu, tangu lini maiti akapisha gari?”

“Huyu wangu amezoea kupisha.”

Wakashuka naye mtaroni, majani yakiwafika magotini, wakalishikilia jeneza upandeupande ili lisielemee. Kijana alibaki katikati ya barabara, kofia mkononi, hajui aende au abaki, mpaka Bariki alipowasha injini na kumwita. Bajaji ikapita. Vumbi lake jekundu likatua juu ya kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza, na Abdulkarimu, mikono yote miwili ikiwa imeshika, hakuwa na mkono wa kulipangusa.