Mkaa wa Mwaka Elfu Mbili

Kompyuta za duka la miwani ziligoma zote kwa pamoja asubuhi moja, na kwa kuwa hakuna mteja aliyeweza kuhudumiwa, wafanyakazi walijikusanya kwenye chumba cha nyuma, kule kunakosagwa vioo. Kazi ikikosekana, mdomo hupata nafasi. Haukupita muda wakaanza kukumbushana ile hofu ya mwaka elfu mbili.

"Mama yangu alinunua mishumaa sitini," alisema mpokea wageni. "Tuliiwasha mpaka nikaolewa."

"Afadhali mishumaa. Mjomba wangu alioa haraka haraka, eti asife mseja. Kumbe dunia haiishi, na mke haondoki!"

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha wakamgeukia fundi wa vioo, mwanamke ambaye kwao bado wanamwita Kijiti kwa wembamba wake wa zamani, ingawa mwili umeshamsaliti siku nyingi.

"Na kwenu je?"

"Baba alinunua mkaa," alijibu.

Wakacheka tena. Naye Kijiti akainama, akaendelea kufuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mtu wa nidhamu ambaye hata soksi zake zilikuwa na zamu. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Alikuwepo mdogo wake wa kike wa miaka minane, waliyemwita Kasuku kwa sababu kila alilolisikia redioni alilirudia neno kwa neno. Na alikuwepo Bibi, mama yake Baba, ambaye uzee ulikuwa umemlaza kitandani, aliyekuwa akimwita Kijiti "mke mwenzangu" na kumtisha kila siku kwamba atamnyang'anya mume.

Mambo yalianzia kiwandani. Mwezi wa Oktoba alikuja mtaalamu mwenye mkoba, akapita kila ofisi akibandika alama kwenye mitambo. Kijani maana yake salama. Nyekundu maana yake haijulikani. Kompyuta ya stoo, ambayo Baba alikuwa ameizoea kwa taabu na kuipangusa vumbi kila asubuhi, ilibandikwa nyekundu.

"Itakuwaje?" Baba alimuuliza.

"Inahesabu mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho, mzee. Tisini na tisa ikiisha, itaona sifuri sifuri. Inaweza kudhani tumerudi miaka mia nyuma. Inaweza kuzima. Inaweza isifanye lolote."

"Na hospitali? Na umeme? Na maji?"

Mtaalamu akainua mabega, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Yale mabega ndiyo yaliyomnyima Baba usingizi. Angeambiwa kutakuwa na balaa, angejipanga. Angeambiwa hakuna kitu, angetulia. Lakini mtu msomi, tena aliyeletwa kwa ndege, kuinua mabega tu! Jioni ile alirudi nyumbani na karatasi za kunata nyekundu na kijani, akaanza kuzunguka na kubandika. Televisheni, nyekundu. Jokofu, nyekundu. Saa ya mezani yenye kengele, nyekundu.

"Cherehani yangu ni ya miguu," Mama alimwambia, "haijui hata leo ni tarehe ngapi. Nipe kijani yangu."

"Na mimi nibandike," Bibi akadakia kutoka kitandani. "Nimezaliwa mwaka usiojulikana, nisije nikazima ghafla."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba hakucheka. Alikuwa akiitazama balbu ya sebuleni kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Novemba alianza kukusanya. Aliletewa magunia ya mchele, maharage na unga, yakapangwa chumbani kwa watoto mpaka Kijiti na Kasuku wakawa wanalala wamejikunja kama herufi. Madumu ya maji yakajaa bafuni. Majirani walimtania, naye dereva wa pikapu aliyekaa nyumba ya pili alimuuliza kama anafungua duka. Lakini walipoona mtu makini kama yeye anahangaika kiasi hicho, wengine wakaanza kununua kimyakimya. Hofu ilipita mlango kwa mlango bila kubisha hodi. Kufikia Desemba, mtu akikutana na mwenzake mtaani, macho yalitangulia kwenye mfuko aliobeba kabla ya salamu.

Hilo ndilo lililombadilisha Baba zaidi. Alikuwa ameogopa mitambo. Sasa alianza kuogopa watu.

"Taa zikizimika siku tatu, watavumilia," alimwambia Mama. "Siku ya nne watatafuta mwenye chakula. Na wote wanajua nani anacho."

"Ni majirani zetu, baba watoto."

"Leo ni majirani."

Wiki ya mwisho ya mwaka alipigilia mbao kwenye madirisha yote. Kila pigo la nyundo lilimfanya Bibi ashtuke kitandani. Kisha Baba akaona mwanga wa taa unaweza kuchungulia kwenye nyufa, watu wakajua kuna mafuta ndani. Akamwagiza Mama azibe. Mama akakaa chini na mfuko wake wa masalia ya vitambaa, akavikunja na kuvishindilia kimoja kimoja kwa ncha ya mkasi, kwenye mbao, chini ya milango, hata kwenye tundu la hewa juu ya dirisha la Bibi. Kijiti alimsaidia. Alipomaliza, Mama alisogea nyuma akaitazama kazi yake, akasema taratibu, "Pamekuwa kama ndani ya sanduku." Wala hakuwa akitania.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, na baridi ikaingia mifupani. Baba hakungoja usiku. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kuna nchi za mashariki ya mbali ambako mwaka unaingia kwetu kukiwa bado mchana, na balaa likianza huko, habari zikifika, mtaa utalipuka papo hapo. Saa tisa alasiri alizima swichi kuu. Saa kumi alifunga mlango wa mbele kwa kufuli, wa nyuma kwa komeo, akawakusanya wote sebuleni. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimeshaletwa pale.

Kupika nje alikataa, harufu ya chakula ingewaita watu. Mama alitaka kubishana, akaitazama sura ya mumewe, akaacha. Jiko la mkaa likawashwa katikati ya sebule. Walipokwisha kula, Baba aliongeza mkaa, akalisogeza jiko karibu na kitanda cha mama yake kwa sababu mikono ya Bibi ilikuwa ya baridi.

"Umenikumbuka, mwanangu," Bibi alisema, akavinyoosha vidole vyake juu ya makaa.

Redio ndogo ya betri ilikuwa mapajani mwa Kasuku. Mtangazaji akasema mwaka mpya umeshaingia kwenye visiwa vya mwanzo kabisa, kisha ukaingia katika miji mikubwa, na kila kitu kinaendelea kama kawaida.

"Taa zinawaka!" Kasuku akaruka. "Baba, wamesema taa zinawaka, ndege zinatua, hakuna tatizo lolote lililoripotiwa!"

"Nipe hiyo redio."

"Lakini wamesema—"

"Watasema nini kingine? Wanaficha ili watu wasitaharuki." Akaizima, akatoa betri na kuzitia mfukoni. "Tutunze hizi."

Mvua ilikatika. Ndani ya nyumba kulikuwa na giza la alasiri lisilojulikana ni saa ngapi, na makaa mekundu, na pumzi za watu watano. Kijiti alihisi kichwa kinamgonga taratibu, kama mtu anayepigilia msumari kwa mbali. Akasema. Mama naye akasema kichwa kinamuuma tangu muda.

"Ni hofu," Baba alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Tulieni. Itapita."

Baadaye Kasuku alitapika. Hakulia, na kitu hicho kilimtisha Kijiti kuliko matapishi yenyewe, maana mdogo wake alikuwa mtoto wa kulia hata akijikwaa kidole. Mama alinyanyuka amfute, akakaa tena chini kama aliyekatwa miguu, akamtazama mtoto kwa mbali na kitambaa mkononi.

"Bibi," Kijiti aliita. "Bibi, umelala?"

Bibi alikuwa amelala, mkono umening'inia kando ya jiko. Kijiti akamtikisa bega. "Mke mwenzangu, amka."

Hakuitika.

Kijiti hakujua chochote kuhusu hewa ya mkaa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alilolijua ni kwamba kifua chake kinataka kitu ambacho chumba kile hakina. Alijaribu kusimama, sakafu ikayumba. Akatambaa kwa magoti mpaka jikoni, akashika mlango wa nyuma, akajivuta juu. Komeo lilikuwa kubwa na mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akalisukuma kwa bega. Mara ya tatu lilitoka, mlango ukafunguka, akaanguka uani kifudifudi kwenye matope.

Alipoinua uso aliona taa. Taa ya barabarani ilikuwa inawaka. Nyumba zote zilikuwa zinawaka. Ilikuwa jioni ya kawaida, saa moja na kitu, watoto wanaruka kamba, na mahali fulani mtu alikuwa anaimba huku anaosha vyombo. Kijiti akatapika, kisha akapiga yowe.

Dereva wa pikapu ndiye aliyefika kwanza. Alichungulia ndani mara moja tu. "Mkaa!" akapaza sauti. "Wamejifungia na mkaa! Vunjeni madirisha!"

Wale waliokuwa wakiogopwa siku zote hizo ndio waliokuja mbio na shoka na nyundo, wakazing'oa mbao, wakawabeba mmoja mmoja hadi kwenye pikapu. Kasuku alifumbua macho njiani. Mama alipata nafuu hospitalini, alipowekewa hewa. Baba alikaa usiku kucha akitetemeka miguu. Bibi hakuamka. Daktari alisema pengine alikuwa ameshaondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Asubuhi yake Baba alisimama kwenye dirisha la karani kuchukua kibali cha kumzika mama yake, Kijiti amemshika mkono. Karani aligonga vitufe, akauliza jina, umri, mahali. Mashine ya kuchapa ikaunguruma, karatasi ikatoka. Baba aliishika, akasoma juu: tarehe mosi, Januari, mwaka elfu mbili. Akaitazama kompyuta. Akaitazama tena karatasi.

"Kuna kosa, mzee?" karani aliuliza.

"Hapana," alisema Baba. "Iko sawa."

Mazishi yalikuwa makubwa. Mtaa mzima ulikuja, na akiba ya miezi mitatu ikaliwa kwa siku tatu. Madumu ya maji yalioshea vyombo vya waombolezaji. Hakuna aliyethubutu kumlaumu Baba usoni. Walimpa mkono, wakainama, wakamwita mfiwa. Mama alinyamaza mwezi mzima, na siku moja Kijiti alimkuta amekaa mbele ya cherehani akiutazama ule mfuko wa masalia ya vitambaa kama kitu kinachoweza kuuma. Kesho yake akautoa nje na kuuchoma.

Baba alirudi kazini. Kompyuta ya stoo ilikuwa imewaka bila wasiwasi. Alifanya nayo kazi miaka tisa mingine, mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akitaja ile siku.

Aliitaja mara moja tu. Kijiti alikuwa tayari mtu mzima, amekwenda kumpelekea miwani mpya aliyomtengenezea kwa mikono yake. Baba aliijaribu, akatazama huku na kule, akasema inafaa. Kisha akaivua.

"Siku ile ulipokwenda mlangoni," alisema, "ulijua?"

"Sikujua, Baba. Nilitaka hewa tu."

Akaikunja miguu ya miwani, akaikunjua.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikusikia unatambaa, nikajua unakwenda kufungua. Nikataka kuinuka. Miguu ikakataa."

"Ulikuwa mgonjwa, Baba. Usingeweza kunisaidia."

"Sikutaka kukusaidia, mwanangu." Alimtazama, na macho yake bila miwani yalikuwa na ukungu. "Nilitaka kukuzuia. Miguu ingekubali, ningekurudisha ndani, nikafunga mlango, nikakaa mbele yake."

Nje kulikuwa na watu wanapita wakizungumza mambo yao. Baba akaivaa tena ile miwani, akamshukuru kwa adabu kama anavyoshukuriwa fundi, akamsindikiza hadi barabarani.