Kete Ishirini za Guka

Mwaka wa hamsini na tatu tulikuwa masikwota, vibarua waliopewa pa kuishi kwenye shamba la Mzungu, upande wa Kariandusi. Guka wangu, yaani babu, Wanyoike, alichunga ng'ombe wa maziwa. Parsaloi, Mmasai wa umri wake, alichunga wale wa nyama. Pale malisho yao yalipokutana palikuwa na jiwe pana lenye mashimo safu mbili, kumi juu, kumi chini, laini ndani kama kibuyu kilichozeeka.

Guka aliuita mchezo wao wa bao giuthi, Parsaloi akauita enkeshui. Nani aliyachimba mashimo, hakuna aliyejua. Hata babu zao waliyakuta. Guka alisema ni wachungaji wa zamani sana, maana ng'ombe akishashika majani, mchungaji hana la kufanya na mikono yake. Parsaloi alikataa. Kwake walikuwa watu waliochoka kuuana kwa ajili ya mifugo, wakaona afadhali watekane mbegu. Na kweli kete zao, mbegu za kijivu za mti wa miiba, waliziita ng'ombe.

"Funga boma, Mkikuyu, nakuja," Parsaloi angesema.

"Njoo na kamba ndefu. Juzi ulirudi kwako na mkia tu."

Saa ya kukamua ikifika mchezo haujaisha, waliacha kete zilivyo, wakafunika jiwe kwa ngozi ya mbuzi na kuikandamiza kwa mawe manne. Mchezo mmoja uliweza kulala hapo siku tatu, na hakuna aliyeugusa.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza, tukisomea stoo kuukuu ya pareto. Mwalimu Joash alitaka kila mtoto alete vitu ishirini vya kuhesabia, na asiye navyo kiboko. Vijiti vyangu cucu, mke wa guka, aliviwashia moto bila kujua. Asubuhi hiyo nikapita kwenye jiwe, nikainua ngozi, nikatoa kete ishirini kwenye mashimo yaliyojaa, nikidhani hapo hazitaonekana zimepungua. Nikarudisha ngozi na mawe yote manne, kila moja mahali pake. Sikujua kwamba yale yaliyojaa yote yalikuwa ya guka, na kwamba alikuwa karibu kushinda.

Mwalimu alizisifu mbegu zangu mbele ya darasa.

Mchana nilipompelekea guka uji, niliwakuta wamesimama, ngozi iko chini. Guka alikuwa akimuuliza mwenzake kete zimeenda wapi, naye akisema hata yeye anashangaa.

"Anayeshindwa ni wewe," guka alimwambia.

"Ningechukua, ningekwambia," Parsaloi alisema. "Nani huteka ng'ombe halafu akanyamaza? Raha yake iko wapi?"

Guka hakucheka. Alichukua fimbo yake, akawageuza ng'ombe kabla ya saa ya kukamua. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha uji kwa mikono miwili, na mkoba wangu, wenye mbegu ndani, uko begani. Nikajiambia nitasema jioni akitulia. Jioni nikajiambia kesho.

Hazikupita wiki tatu. Hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa imepamba moto, na ikaamriwa Wakikuyu wa shamba letu warudishwe Rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Lori lilikuja asubuhi. Tulipandishwa na magodoro na kuku, mimi nimekaa kwenye miguu ya cucu, mkoba kifuani.

Parsaloi alikuja akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Alisimama kando ya lori, akanyoosha kiganja. Kulikuwa na mbegu za kijivu, mpya, nyingine bado zina vumbi la ganda. Alisema amezitafuta siku mbili, kwamba zilizopotea hajui zilikopotelea, lakini guka asiondoke bila ng'ombe.

Guka alizitazama sana. Alizihesabu kwa macho, nami nikazihesabu. Zilikuwa ishirini, sawasawa na zilizopotea.

"Basi ni yeye," guka akamwambia cucu kwa Kikuyu, akageuza uso.

Lori liliondoka kiganja kikiwa bado juu. Barabara ilikuwa mbovu, na kila lilipoingia shimo, mkoba wangu ulilia. Cucu aliniuliza nimebeba nini. Nikasema ni vya kuhesabia.

Guka aliishi miaka minne Rizavu. Wageni wakija, aliwasimulia habari za Mmasai aliyekuwa rafiki yake akamwibia, mpaka na idadi ya kete. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwamiminia uji.