Picha ya Mtu Majini

Mkewe alimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, kama anayemwandaa mtoto wa chekechea, maana vidole vya Sindano vilikuwa bado vimekataa kazi. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu aopolewe baharini, na hata kijiko kilikuwa kinamponyoka.

"Leo usirudi bila kitabu chako," mkewe akasema. "Wakikuzungusha, kaa hapohapo mlangoni mwao."

"Nimekusikia, mama watoto."

Kitabu cha ubaharia ndicho kilichokuwa roho yake. Bila hicho hakuna meli ambayo ingempokea, hata ile ya kubeba mbolea. Kampuni ilikuwa imekizuia mpaka suala lake liishe, na suala lenyewe ni kwamba alianguka baharini asife. Angekufa, karatasi zingekuwa chache.

Alianguka asubuhi kweupe, wimbi lilipomkumba akiwa ameinamia kamba ya nyavu. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo, tena mapya kabisa. Yalikuwa kabatini mwa nahodha, ndani ya nailoni zake, kwa sababu jaketi likivaliwa hupauka, na likipauka mkaguzi hulikataa. Hivyo ndivyo meli ilivyokuwa ikifaulu ukaguzi kila mwaka, na mabaharia wote, Sindano akiwemo, waliona huo ni ujanja mzuri. Kuna mgeni mmoja aliwahi kuuliza jaketi lake liko wapi, wakamcheka wiki nzima.

Maji ya baridi kali yalimpiga kifuani akasahau kupumua, kisha akapumua hovyohovyo, hewa na chumvi pamoja. Alitaka kupiga mbizi, kupiga kelele, kupiga chochote. Kilichomwokoa ni maneno ya mpishi wa meli, mzee mwenye domo aliyezoea kuwachosha wenzake mezani kwa habari hiyohiyo: ukianguka kwenye baridi usishindane nayo, tulia pumzi irudi, kunja magoti, jikumbatie. Sindano alijikumbatia, huku amebana kwapani dumu tupu alilotupiwa na wenzake, dakika thelathini na tano, mpaka meli ilipogeuka wakamnasa kwa ndoana ndefu ya kuvutia nyavu.

Ofisini pale gatini, karani wa kampuni hakumkaribisha kiti.

"Mkaguzi yuko njiani. Taarifa yetu inasema uliokolewa na jaketi. Umeielewa?"

"Lakini bosi, mimi sikuwa na jaketi."

"Nimekuuliza kama umeielewa."

Kitabu chake kilikuwa palepale mezani, chini ya kiwiko cha karani. Sindano akakitazama.

"Nimeielewa."

Mkaguzi aliingia na koti lake zito, mtu mpole, wa miwani. Alifunua fomu akagonga kwa kalamu mahali palipokuwa wazi. "Hapa panatakiwa picha ya mhusika akiwa majini, amevaa kifaa. Bila picha siwezi kufunga faili."

"Picha ya siku ile haipo," karani akasema.

"Basi ipigwe leo."

"Mzee, mwili wangu haujarudi sawasawa," Sindano akasema. "Naomba hata wiki moja."

"Dakika mbili tu, kijana. Maji ya gatini hayana mawimbi."

Jaketi likatolewa kwenye nailoni, likinuka duka. Lilikuwa la kuvalia kichwani, lenye mkanda mmoja ambao karani hakujisumbua kuukaza. Sindano akashuka ngazi ya chuma, akishikilia kwa viwiko, wapakuzi wa samaki wakimtazama. Alipojiachia, baridi ilimrukia kifuani vilevile, akatweta vilevile, na hofu yote ya siku ile ikamrudia. Nyuma ya hofu ikaja hasira. Huko juu watu wawili waliovaa makoti walikuwa wanabishana mwanga uko upande gani.

Akalisukuma jaketi kwa viganja, likamtoka kichwani, likaelea zake. Akakunja magoti, akajikumbatia, mdomo ukibaki juu ya maji kwa shida.

"Piga hivi," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Wapakuzi waliacha makreti yao. Karani alitukana. Kwa kitambo kile kifupi Sindano aliona raha, raha kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Mkaguzi alipiga, akatazama simu, akapiga tena. "Inatosha," akasema.

Walimvuta juu wakamrudisha ofisini, maji yakichuruzika sakafuni. Hakuna aliyemletea blanketi. Mkaguzi aliandika bila haraka, kisha akasoma kwa sauti, kwa kuwa sheria inataka mhusika asomewe.

"Chanzo cha ajali: mhusika ana tabia ya kuvua jaketi awapo majini. Mkaguzi ameshuhudia mwenyewe. Picha imeambatishwa. Kampuni haina kosa."

Akakivuta kitabu kutoka chini ya kiwiko cha karani, akakifungua ukurasa wa mwisho, akagonga muhuri: HAFAI BAHARINI. Akamsogezea Sindano kwa adabu.

"Hiki chukua, ni chako. Sasa weka sahihi hapa kwenye fomu."

Kalamu ilianguka mara ya kwanza. Ikaanguka na ya pili.

"Hajui kuandika?" mkaguzi akauliza.

"Najua," Sindano alitaka kusema, lakini meno yalikuwa yanagongana na neno halikutoka.

Karani akamshika dole gumba, akalichovya kwenye wino, akaligandamiza chini ya picha. Sindano aliuona wino ukibaki pale. Kidole chenyewe hakukisikia.